Pumzi imerudi, kisigino bado

Mwezi wa pili tangu nirudi kwenye mbio, asubuhi nilikuwa naamka nimeshika ukuta. Hatua ya kwanza kutoka kitandani ni kama kukanyaga msumari. Nikifika bafuni maumivu yameshapungua, lakini nikikaa kwenye daladala kutoka Mwenge hadi Posta, nikishuka tu yanaanza upya.

Kwenye kikundi chetu cha jogingi niliambiwa neno moja: komaa. Nikakomaa wiki tatu, Coco Beach, Daraja la Tanzanite, kwenda na kurudi, zile kilomita moja na ushei za zege, hadi nikaanza kuchechemea kazini. Ushauri ule ni mbaya, na tunapeana kila Jumamosi alfajiri kwa nia njema kabisa.

Mtaalamu wa fiziotherapia alinibonyeza kisigino, nikaruka. Akanieleza kwamba chini ya wayo kuna utando mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi vidoleni, ndio unaobeba upinde wa mguu. Nilikuwa nimekaa miaka minne bila kukimbia. Moyo na mapafu vilizoea ndani ya wiki chache, nikajiona nimekuwa yule wa zamani, nikaongeza kilomita. Utando na kano vinataka miezi. Tunaorudi wengi tunaumia hapo: pumzi inaruhusu, mguu hauwezi. Na raba zangu za mtumba soli ilishalala upande mmoja.

Sasa kabla sijashuka kitandani navuta vidole vya mguu kuja kwangu, nahesabu hadi kumi, narudia mara kumi. Jioni nanyoosha shavu la mguu ukutani, kisha naviringisha wayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda. Kilichonishinda kwa muda mrefu ni kuacha kutembea pekupeku kwenye vigae, maana kwetu viatu vinabaki mlangoni. Nimenunua kandambili nene za kuvalia ndani tu, na mama amekubali.

Lakini ukiumwa sehemu moja ya mfupa, hata ukiwa umelala, au mguu ukivimba, nenda hospitali. Mfupa huenda umepata ufa.

Kikundi chetu huondoka saa kumi na moja na nusu. Naomba tuwe na safu ya nyuma kwa wanaorudi: wakimbie dakika moja, watembee mbili, na mtu mzoefu akae nao hadi mwisho. Safu hiyo nitaiongoza mimi.