Lipia chumba kwanza: safari ya Dar na kijana mwenye usonji

"Utalala gesti wakati nyumba ya baba yako mdogo ipo?"

Shangazi aliniuliza hivyo kwa simu mwezi wa tano, na nilisikia kabisa kwamba ameumia. Nilimwelewa. Kwa sisi wa Mbeya, ukishuka Dar unafikia kwa ndugu. Unapakia mchele wa Kyela, mkungu wa ndizi za Tukuyu na kiroba cha viazi, unapokelewa stendi, unatandikiwa godoro sebuleni, na siku ya kuondoka watu wanakusindikiza. Mtu akilala gesti, wazee wanajiuliza wamemkosea nini.

Lakini nina kijana wa miaka 15 mwenye usonji. Tumeshakwenda Dar naye mara mbili kwa ajili ya mitelezo ya maji, na mara hizo mbili zimenifundisha kitu ninachotaka kila mzazi mwenzangu akisikie kabla hajaanza kupiga hesabu: hela yako ya kwanza, kabla ya nauli na kabla ya kiingilio, ni ya chumba chenye mlango mnaoweza kuufunga.

Safari ya kwanza, mwezi wa Desemba, niliipanga kwa kubana kila mahali. Tulipanda basi moja kutoka Mbeya hadi Dar, kilomita zaidi ya 800 kwa siku moja. Tukafikia kwa ndugu waliotupenda na kutupikia vizuri, nyumba yenye watoto saba, televisheni inayowaka mpaka usiku, na kila anayeingia anataka kumpa kijana mkono na kumwuliza yuko kidato cha ngapi. Usiku wa kwanza hakulala. Wa pili hakulala. Tarehe 26 tukaenda kwenye mitelezo, tukakuta umati wa sikukuu, spika mbili kubwa na foleni juani. Hatukuvuka geti. Alikaa chini kwenye lami, akaziba masikio, akaanza kujipiga kichwani kwa viganja. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Kijana mkubwa hivi, hana adabu." Tulirudi na Bajaji tukiwa kimya, na kesho yake tukaanza safari ya kurudi nyumbani.

Nilikuwa nimejisifu kwamba malazi ni bure. Nikikaa na daftari baadaye nikaona kwamba nauli za watu wawili, chakula cha njiani, zawadi za wenyeji na kiingilio cha siku ile vyote vilipotea kwa sababu ya kitu kimoja: mtoto alifika getini akiwa hajalala siku mbili.

Ubongo wa mtu mwenye usonji hupokea sauti, mwanga, harufu na mguso kwa namna yake. Kelele ambayo mimi naizoea baada ya dakika mbili, kwake inazidi kupanda. Mwanangu anapenda maji kwa sababu hiyohiyo: akizama, maji yanambana mwili mzima na kelele za juu zinakatika. Akitoka kwenye bwawa anakuwa mtulivu kwa saa nzima. Ndiyo maana sikukata tamaa na mitelezo. Nilijua akifika akiwa amepumzika atafurahi kuliko watoto wote waliomo.

Safari ya pili niliweka akiba kwenye kikoba kwa miezi 11, nikafikisha laki nane. Nikaanza upya, na swali langu likawa moja tu: ni vitu gani akivikosa safari inakufa?

Cha kwanza ndicho hicho chumba. Nilitafuta gesti ya kawaida maeneo ya Tegeta, isiyo mbali na Kunduchi iliko mitelezo, nikapiga simu tatu kuuliza mambo ambayo mpokezi hakuzoea kuulizwa. Kuna baa jirani? Kuna msikiti au kanisa lenye spika upande wa dirisha? Jenereta liko wapi? Nikaomba vyumba viwili vya nyuma, nikatuma fedha ya usiku wa kwanza. Havikuwa na kiyoyozi wala televisheni, na sikuvitaka.

Cha pili kilikuwa nauli ya mjomba wake. Hili wazazi wa watoto wadogo bado hawajalifikia, kwa hiyo nitalisema wazi. Mtoto wa kiume akiwa na miaka 7 unaingia naye chumba cha kubadilishia nguo cha wanawake, hakuna anayekuangalia. Akiwa na miaka 15, ana ndevu zinazoanza na amekupita urefu, huwezi kuingia naye kwa wanawake na huwezi kumfuata kwa wanaume. Nani atamsaidia kifungo kikigoma? Nani atazungumza na mlinzi akimwona anarukaruka na kupunga mikono mbele ya kioo? Kijana wa umri huu watu hawamwoni tena kama mtoto mwenye shida, wanamwona kama mtu mzima mwenye fujo, au mlevi. Nilimlipia kaka yangu nauli na chumba. Wapo walioniambia hiyo ni anasa. Kwangu, mtu wa pili aliye macho kando ya maji ni lazima, kwa sababu watoto wenye usonji huvutwa na maji na huweza kuondoka pembeni yako bila neno, na ajali za kuzama huwapata kuliko wenzao. Hata akiwa anajua kuogelea, mmoja wetu alikuwa na kazi moja tu, kumwangalia, tukipokezana kila nusu saa.

Cha tatu, kuikata njia. Tulilala Iringa. Mbeya hadi Iringa ni kama kilomita 330: Igawa, Makambako, Mafinga, mchana mmeshafika na mwili una nguvu. Jioni tulipanda Gangilonga, lile jiwe kubwa juu ya mji ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Hakuna kiingilio cha kutisha, hakuna muziki, upepo tu na mji wote chini. Alilala juu ya jiwe lenye joto akafumba macho. Kesho yake tukashuka Kitonga na akili zetu zikiwa zimetulia, tukapita mibuyu ya Mbuyuni, tukaona tembo wa Mikumi dirishani. Kwenye basi nilimwomba konda kwa heshima apunguze muziki upande wetu, nikamweleza sababu. Alipunguza. Pia nilimwambia mapema kwamba basi likisimama watu wachimbe dawa, huyu hawezi kwenda porini mbele za watu, kwa hiyo kama kuna kituo cha mafuta chenye choo mbele, atusaidie. Makonda wengi ni watu wa kusikia ukiwaambia kabla jambo halijaharibika.

Hivyo vitatu vilikula sehemu kubwa ya laki nane. Vilivyobaki nilivipunguza bila huruma. Mitelezo siku moja tu, tena Jumanne ya mwezi wa saba, wakati joto la Dar limepungua kidogo kwa sisi tuliozoea kuvaa sweta. Hatukwenda Kariakoo wala kuvuka feri. Hakuna zawadi za watu 20. Mwanangu anakula wali mweupe usio na mchuzi na mayai ya kuchemsha, basi nilibeba jiko dogo la gesi na sufuria, gesti wakaniruhusu kupika uani. Na zile hedifoni za gharama zinazosifiwa mtandaoni sikununua. Nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi Mwanjelwa nikanunua kinga ya masikio wanayovaa mafundi wakiwasha mashine ya kuranda mbao. Inaziba vizuri, na kijana anaipenda kwa sababu inafanana na ya fundi wa reli.

Reli ndiyo lugha yake. Nyumbani siwezi kusema TAZARA ina kilomita 1,800 akanyamaza. Ni 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na ujenzi ulianza 1970. Kwa hiyo ratiba ya safari niliichora kama ya treni, kila kituo na saa yake, picha ya gesti ya Iringa, ya gesti ya Tegeta, ya geti, ya mtelezo. Alikaa nayo wiki sita akiisoma kila jioni. Tukafanya na majaribio. Jumamosi mbili tulikwenda bwawa la hoteli moja hapa Mbeya asubuhi kabla watu hawajaja, akavaa bukta chini ya suruali kutoka nyumbani ili asihitaji chumba cha kubadilishia. Wikiendi moja tulilala gesti Tukuyu, tukaenda kuona Daraja la Mungu, tukarudi. Pale ndipo nilipogundua kwamba shuka mpya zinamkera, nikaweka shuka zake kwenye begi. Ningeligundua hilo Dar, usiku wa kwanza ungekuwa umekwenda.

Najua wenzetu wa mbali wana mipango mikubwa. Huko San Antonio, Texas, kuna bustani ya michezo iitwayo Morgan's Wonderland, iliyofunguliwa 2010 na baba mmoja, Gordon Hartman, kwa sababu ya binti yake mwenye ulemavu, na wageni wenye ulemavu huingia bila kulipa. Disney nao wana utaratibu wa mtu asiyeweza kukaa foleni kupewa saa ya kurudi, na mwaka 2024 waliubadilisha wakaanza kuwapa hasa wenye usonji na hali zinazofanana na huo. Sisi tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka huohuo wa 2010, lakini sehemu za burudani bado hazijafikiria kijana wa kiume aliye na mama yake. Ombi langu kwa wenye sehemu hizo si la fedha nyingi: chumba kimoja cha kubadilishia chenye mlango wake, na benchi moja kivulini mbali na spika. Mpaka viwepo, piga simu kabla. Ongea na msimamizi, siyo mtu wa getini. Uliza siku yenye watu wachache, uliza kama chakula cha kubeba kinaruhusiwa, eleza hali ya mwanao kwa sentensi mbili. Watu wanataka kusaidia, tatizo wanakutana na sisi tukiwa tayari tumevurugika.

Jumanne ile tulikuwa getini kabla hapajafunguliwa. Alishuka mtelezo mmoja, uleule, mara 34. Alizihesabu mwenyewe. Mitelezo mingine hakuigusa, na mjomba wake aliponong'ona kwamba tumelipia yote, nilimwomba amwache. Saa saba alikuja akasema, "Tumemaliza," akavaa kinga yake ya masikio, tukaondoka. Alilala kuanzia saa nane hadi jioni, kwenye shuka zake.

Jioni hiyo baba mdogo alikuja gesti. Nilikuwa na hofu naye. Alileta samaki wa kukaanga kwenye mfuko, tukakaa uani kwenye viti vya plastiki tukaongea kwa muda wa karibu saa mbili, na hakuna aliyemlazimisha kijana atoke. Giza lilipoingia dirisha la chumba likafunguliwa kidogo, tukasikia, "Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Dirisha likafungwa. Baba mdogo alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza chumba ni shilingi ngapi kwa usiku. Aliponyanyuka kuondoka alipitia mapokezi akalipia usiku wetu wa mwisho. Na mwaka huu, kabla sijapanga chochote, amenipigia yeye kuuliza kama tunataka vyumba vilevile vya nyuma.