Maganda ya Ndizi Hayafui Umeme

Jiji likilemewa na dampo, haichukui muda wazo la tanuri la kuchoma taka na kufua umeme kuibuka. Wapinzani hukimbilia moshi. Mimi naanza na maji.

Chukua tani moja ya taka za soko kama Kariakoo: maganda ya ndizi, majani ya kabichi, matikiti yaliyooza. Tuseme kilo 600 ni maji. Kila kilo ya maji hunyonya takribani megajuli (kipimo cha nishati) 2.4 mpaka iwe mvuke, kwa hiyo megajuli 1,440 zimeondoka na bomba la moshi. Katika kilo 400 zilizobaki, toa 100 za mchanga na udongo wa mfagio. Zile 300 zitatoa kama megajuli 5,400. Ukipiga hesabu, kila kilo ya taka imekuachia chini ya megajuli 4. Mwongozo wa Benki ya Dunia kuhusu uchomaji taka unataka wastani wa mwaka usipungue megajuli 7 kwa kilo, na msimu wowote usishuke chini ya 6. Hapo masika hayajalowesha taka kwenye ghuba la kukusanyia.

Na vikavu? Chupa za plastiki na maboksi vimeshaokotwa na kuuzwa kwa kilo kabla gari halijafika. Ukivizuia ili tanuri lishibe, umemnyang'anya mtu riziki.

Sheria za Ulaya zinataka moshi ukae kwenye nyuzi 850 kwa angalau sekunde 2. Taka mbichi zikishusha joto, vichomeo vya dizeli huwashwa kuokoa jahazi. Yaani tunanunua dizeli ya kuchomea maganda! Visipowashwa, sumu haziungui zote. Na hata zikiungua, dayoksini, moja ya sumu hizo, hujiunda upya moshi unapopoa kati ya nyuzi 400 na 250 hivi, hasa boila ikijaa masizi. Ndiyo maana moshi hupulizwa chokaa na unga wa mkaa maalumu, kisha ukapitishwa kwenye mifuko ya kuchujia. Mifuko hiyo hutoboka. Ghala likiwa halina ya akiba, mtambo unapaswa kuzimwa. Nani atauzima wakati mkataba unadai megawati?

Vumbi linalonaswa na mifuko hiyo lina metali zenye sumu, risasi na kadimiamu. Si la kurudishwa dampo, wala la kufyatulia matofali.

Watetezi wana hoja nzito: Machi 2017 dampo la Koshe, Addis Ababa, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 100. Mwaka uliofuata likazinduliwa kando yake tanuri la Reppie, la tani 1,400 kwa siku. Dampo ni hatari, sibishi. Lakini methani ya dampo, gesi inayowaka, inatoka kwenye maganda hayohayo, na yakitengwa pale pale sokoni yanafaa kwa mboji au biogesi, ambako unyevu si adui.

Anayetaka tanuri basi apime kwanza. Achukue sampuli za magari ya mitaa tofauti, kiangazi na masika, azipime, azikaushe kwenye oveni ya nyuzi 105 mpaka uzito usishuke tena, kisha azirudishe kwenye mizani: uzito uliopotea ndio maji. Kazi hiyo haihitaji mwekezaji.