Wabunge wa Ireland wanauliza mno, au wanajibiwa kidogo?

Kila mwaka wabunge wa Ireland huwapelekea mawaziri makumi ya maelfu ya maswali ya maandishi. Fungua kumbukumbu za Dáil, baraza la chini la Bunge lao, na siku ya kawaida ya kikao utakuta mamia yake. Mbunge mmoja anataka kujua mwananchi wa jimbo lake atapata lini upasuaji wa nyonga. Mwingine anauliza kwa nini familia yenye watoto bado inalazwa hotelini kwa gharama ya halmashauri, na wa tatu benki imepata wapi ruhusa ya kuuza mkopo wa mteja kwa mfuko wa uwekezaji wa kigeni. Jina la mhusika halichapwi. Huandikwa tu kwamba maelezo yake yamekabidhiwa wizarani.

Msomaji aliyezoea maswali na majibu ya Dodoma au Nairobi anaufahamu utaratibu huu, maana mabunge yote hayo yaliurithi kutoka Westminster, Bunge la Uingereza. Atalifahamu pia jibu lenyewe: suala linashughulikiwa, mchakato unaendelea.

Lawama dhidi ya wingi wa maswali haya si za kubeza. Watumishi wa wizara wanasema jibu hudaiwa ndani ya siku chache tu. Ni lazima lipande ngazi kadhaa za idhini, na ofisa anayeacha kazi yake ili aandike aya mbili mara nyingi ndiye yule yule ambaye angekuwa anaishughulikia foleni inayoulizwa. Kuna maswali yanayonakiliwa na kupelekwa kwa mawaziri wote 15 ili mbunge apate kichwa cha habari. Maswali ya mdomo huchaguliwa kwa kura, kwa hiyo vyama hujaza sanduku kwa swali moja lililoandikwa kwa namna ishirini. Juu ya hayo upo mfumo wa uchaguzi wenyewe. Jimbo moja hutoa wabunge watatu hadi watano, na mbunge hushindana hata na mwenzake wa chama kile kile. Kumfuatilia mpigakura faili lake ni njia ya kubaki bungeni. Wakosoaji wanauliza kwa nini mtu aliyetumwa kutunga sheria awe karani wa kufuatilia vitambulisho vya matibabu.

Sehemu ya lawama hizo naikubali. Lakini hesabu inayofanywa ni ya gharama ya kuuliza peke yake, na gharama ya kutojibu haimo.

Mwaka 1991 Ireland iliunda tume ya kuchunguza biashara ya nyama ya ng'ombe, chini ya Jaji Liam Hamilton. Kazi ilikwisha mwaka 1994 ikiwa imemeza fedha nyingi, sehemu kubwa ikiwa ni ada za mawakili. Jaji huyo ndiye aliyesema kwamba kama maswali yaliyoulizwa bungeni yangejibiwa jinsi yalivyojibiwa mbele yake, tume isingehitajika. Hakuwa mpinzani anayetafuta kura.

Jimbo la Kildare North linaonyesha vizuri jambo hili. Kwa miaka mingi liliwakilishwa na Bernard Durkan wa chama cha Fine Gael, aliyekuwa akitajwa kila mara miongoni mwa vinara wa maswali, mengi yakiwa ya mtu mmoja mmoja: kibali cha ukaazi, nyumba ya halmashauri, posho iliyokwama. Jimbo hilo hilo lilimtoa Catherine Murphy. Yeye alishikilia kitu kimoja tu, mauzo ya kampuni ya Siteserv ya mwaka 2012. Mdai mkuu wa kampuni hiyo alikuwa IBRC, benki ya umma iliyobeba mabaki ya Anglo Irish Bank, na ili mauzo yapite ilifuta deni la zaidi ya euro milioni 100. Murphy aliuliza na kuuliza tena. Majibu ya Wizara ya Fedha yalikuwa mafupi. Mwaka 2015 nyaraka alizozipata kwa sheria ya uhuru wa habari zilionyesha kuwa maofisa wa wizara wenyewe walikuwa na wasiwasi juu ya mauzo hayo. Tume ikaundwa chini ya Jaji Brian Cregan. Ripoti yake ya mwaka 2022 ilisema benki iliamua kwa nia njema, lakini ikihesabiwa upande wa benki biashara ile haikuwa na maslahi, kwa jinsi ilivyotiwa doa na utovu wa uadilifu. Miaka saba ya mawakili, kwa jambo lililokwisha kuulizwa bungeni.

Mtu atasema Siteserv ni mambo ya wakubwa. Tutazame basi mkopo wa nyumba.

Kabla ya mporomoko wa 2008, benki za Ireland zilitoa mikopo ya nyumba iliyofungwa kwenye riba ya Benki Kuu ya Ulaya, pamoja na nyongeza ndogo isiyobadilika. Riba ya Ulaya ilipoporomoka, mikopo hiyo ikawa hasara kwa benki na nafuu kwa mkopaji. Wateja waliokuwa wamehamia riba isiyobadilika kwa muda walipotaka kurudi kwenye mkopo wao wa awali, benki ziliwaambia haki hiyo haipo. Chukua mfano wa deni la euro 250,000. Mwishoni mwa 2014 riba ya Ulaya ilikuwa asilimia 0.05. Mwenye nyongeza ya asilimia 1 alipaswa kulipa riba ya asilimia 1.05. Aliyesukumwa kwenye riba ya asilimia 4.5 alilipa zaidi ya euro 700 kila mwezi juu ya alichodaiwa kihalali, katika nchi ambayo mishahara ilikuwa imekatwa na kazi zimepotea.

Wabunge kama Pearse Doherty wa chama cha Sinn Féin na Michael McGrath wa chama cha Fianna Fáil walilibeba suala hili kwenye maswali na kwenye kamati ya fedha. Benki Kuu ya Ireland ilianza uchunguzi mpana mwishoni mwa 2015. Hata hivyo ilibidi wateja walioumizwa waje kusimulia mbele ya kamati, Oktoba 2017, ndipo Waziri wa Fedha Paschal Donohoe akawaita wakuu wa benki. Ripoti ya mwisho ya 2019 ilihesabu akaunti zaidi ya 40,000 na malipo ya euro milioni 683 kwa wateja. Faini zilifuata: Bank of Ireland pekee ilitozwa euro milioni 100.5 mwaka 2022.

Katika ripoti hiyo kuna tarakimu inayonishinda kuiacha. Nyumba 99 za kuishi familia zilipotea. Ukiigawa kwa akaunti zote haifiki robo ya asilimia moja, na kwenye jedwali la wastani haionekani kabisa. Lakini hebu tuitazame. Hizi ni familia zilizoshindwa kulipa mkopo ambao hazikudaiwa kwa kiwango kile. Benki ilizidisha deni, kisha ikamhesabu mteja kuwa mdaiwa sugu, na mwisho nyumba ikaenda. Fidia ililipwa, ila nyumba iliyokwisha kuuzwa ina wenyewe wapya, na mtoto aliyehamishwa shule akiwa darasa la nne hafidiwi darasa la nne. Kila moja ya familia hizo 99 ilikuwa na mbunge wake. Yamkini swali lake, kama lilifika bungeni, lilikuwa mojawapo ya haya yanayoitwa maswali madogo ya jimboni, yenye maelezo yaliyokabidhiwa wizarani. Anayedai mbunge aache kesi ya mtu mmoja ashughulikie mambo makubwa anieleze kwa dalili gani angelitambua kubwa hili kabla halijafika 40,000.

Na jibu la serikali kwa miaka hiyo lilikuwa lipi? Kwamba Benki Kuu ni huru na ndiyo msimamizi. Kwamba benki zilizookolewa kwa fedha za umma huendeshwa kibiashara, na waziri haingilii uamuzi wao. Hili lilisemwa hata kwa AIB, ambayo umma ulikuwa ukiimiliki kwa zaidi ya asilimia 99 hadi hisa zake zilipoanza kuuzwa Juni 2017.

Hapa upande wa pili una hoja yake nzito kuliko zote. Ireland iliungua mwaka 2008 kwa sababu wanasiasa na wenye benki walikaa karibu mno. Dhamana ya usiku wa Septemba 29 iliyoweka mgongoni mwa umma madeni ya euro bilioni 440, na uokoaji uliogharimu takriban bilioni 64, ndiyo somo. Waziri anayempigia simu meneja wa benki kumwombea mteja leo, kesho atampigia kumwombea rafiki. Uhuru wa Benki Kuu umo kwenye mikataba ya Umoja wa Ulaya, na sitaki uvunjwe. Lakini waziri kutoamuru ni jambo moja, na kutosema anachokijua ni jingine. Mwenye hisa zaidi ya asilimia 99 hutembelewa, huandikiwa, hupewa taarifa. Kulieleza Bunge alichoambiwa hakumnyang'anyi gavana wa Benki Kuu uhuru wake hata chembe.

Kwenye huduma za umma mpira hurushwa kwa ustadi ule ule. Swali la hospitali linapelekwa HSE, shirika la afya lililoanza kazi mwaka 2005, na kwa miaka mingi jibu lilirudi kwa barua kwa mbunge badala ya kusemwa na waziri mbele ya Bunge. Swali la nyumba linatupwa kwa halmashauri. Na waziri akijibu mwenyewe bado kuna namna ya kujibu. Septemba 2018 Barry Cowen wa Fianna Fáil aliuliza kuhusu gharama za hospitali mpya ya taifa ya watoto. Waziri wa Afya wakati huo, Simon Harris, alikwisha kujua tangu Agosti kuwa gharama zinapanda, jibu halikusema. Februari 2019 aliliomba Bunge radhi. Mwaka 2024 bajeti iliyoidhinishwa ya hospitali hiyo ilifika euro bilioni 2.24.

Nyumba ndiko takwimu zinakouma zaidi. Idadi ya wasio na makazi inayotolewa kila mwezi huhesabu walio kwenye makazi ya dharura yanayogharimiwa kupitia halmashauri. Anayelala barabarani hayumo, wala mwanamke aliyekimbilia makazi ya waliopigwa na waume zao, wala kijana anayelala sebuleni kwa rafiki. Mwaka 2018 zaidi ya watu 1,600 waliondolewa kwenye hesabu kwa kubadilishiwa kundi tu. Hata kwa kipimo hicho chembamba, mwaka 2025 idadi ilikuwa zaidi ya 15,000, watoto wakiwa zaidi ya 4,500. Anayepewa ruzuku ya kodi ya pango naye hutoka kwenye orodha kuu ya wanaosubiri nyumba za umma, ingawa bado amepanga kwa mtu binafsi anayeweza kumtoa. Mbunge anapouliza orodha kuu na ya wenye ruzuku kwa pamoja, halmashauri kwa halmashauri, robo mwaka kwa robo mwaka, watu humwona msumbufu. Kabla ya uchaguzi wa Novemba 2024 viongozi wa serikali walikuwa wakisema nyumba zitakazokamilika mwaka huo zitakaribia 40,000. Januari 2025, kura zikiwa zimeshahesabiwa, takwimu rasmi zilisema 30,330.

Mwanzoni mwa 2025 Dáil ilivurugika kwa wiki kadhaa juu ya nani apewe muda wa kuuliza, kwa kuwa wabunge huru wanaoiunga mkono serikali walitaka dakika zao, na upinzani ukaona ni hila ya kuwapunguzia wao. Hata uchaguzi wa Waziri Mkuu ulisogezwa kwa siku moja. Wapinzani walikuwa na haki ya kukasirika, ila ningetaka kuona ghadhabu ile ile ikielekezwa kwenye kanuni ya majibu. Waziri akisema jambo si lake bali la Benki Kuu, HSE au halmashauri, aambatanishe kila taarifa ambayo wizara yake imepewa na chombo hicho kuhusu jambo hilo, na tarehe aliyopewa.