Mteremko wa Sentimita 180

Jumamosi nimeona fundi akivunja kwa nyundo mteremko ambao shemeji yangu aliujenga mlangoni kwake, Mbagala. Haukuwa umemaliza hata wiki. Mwenye nyumba amesema unaharibu sura ya kibaraza. Mtoto wao, miaka tisa, ana mtindio wa ubongo. Alikuwa palepale uani kwenye kitimwendo chake, anatazama.

Tuelewane. Kibaraza kimeinuka sentimita 15 tu. Kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili, yaani kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu, mteremko wake unataka urefu wa sentimita 180: saruji kidogo, mchanga, kokoto, kazi ya siku moja. Na kwa siku zile chache dada yake wa darasa la tano alikuwa anamsukuma hadi kwa wenzake, bila kumngoja mama.

Sasa mama amerudi kubeba. Mtoto ana kilo 24. Zamani alimbeba kwa kanga huku anapika. Leo akiinama kuchota maji anashika kiuno kwanza. Choo kiko nje, mlango wake mwembamba, kitimwendo hakipiti, kwa hiyo saa nane za usiku anaingia ubavuubavu, mtoto mgongoni, tochi ya simu mdomoni. Ndani ni cha kuchuchumaa. Shemeji alikata tundu kwenye kiti cha plastiki, akakiweka juu ya shimo. Angalau hicho bado kipo.

Haya, nyumba ni ya mwenyewe, na zege si kitu cha kumwaga kwa ruhusa ya mdomo tu. Hilo nalikubali, ingawa ruhusa hiyo ilitolewa nikiwapo.

Lakini mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja makazi kwenye kifungu cha 9, sambamba na shule na hospitali. Mwaka 2010 tukatunga na sheria yetu. Mbona tukizungumzia miundombinu rafiki tunaishia kwenye shule na ofisi za serikali? Mtoto anarudi kulala wapi, jamani? Kwenye chumba cha kupanga!

Shemeji sasa anaunga mbao, mteremko wa kuweka na kuondoa. Kodi yao ya miezi sita inaisha Machi. Dalali wa kwanza tuliyemwomba chumba kisicho na ngazi ametuuliza kama mtoto huwa analia usiku.