Boksi la chini ya kitanda: michoro ya katuni iuzwe au ibaki?

Mwezi uliopita binti wa mchoraji mmoja wa katuni, sasa marehemu, aliniita nyumbani kwao Magomeni. Alivuta boksi la sabuni kutoka chini ya kitanda cha mama yake, akalifuta vumbi kwa khanga, akalifungua. Ndani mlikuwa na michoro ya baba yake, ile yenyewe aliyoichora kwa mkono kabla haijapelekwa kiwandani kuchapwa, imepangwa bapabapa na kutenganishwa kwa magazeti ya zamani.

"Kaka, kuna mzungu amenipata mtandaoni, anataka boksi zima," aliniambia. "Niuze nisiuze?"

Niliinua karatasi ya juu. Katuni ukiisoma gazetini unaona mistari myeusi tu. Ukiishika ile ya asili unamwona mtu akiwa kazini. Chini ya wino kulikuwa na penseli ya bluu, rangi ambayo wachoraji waliipenda kwa sababu kamera ya kiwandani haikuinasa. Mkono wa mlevi aliyeshika glasi ulikuwa umechorwa mara tatu, na mara mbili ukafunikwa kwa wino mweupe wa kufutia. Maneno ya mke wake yalikuwa yameandikwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa kwa gundi, na nilipoielekeza karatasi kwenye mwanga wa dirisha niliweza kuyasoma maneno ya kwanza yaliyofichwa chini yake. Yalikuwa makali zaidi. Nadhani mhariri aliyakataa. Pembe moja ya karatasi ilikuwa imekwishaliwa na mchwa.

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba wiki mbili, na haya ndiyo niliyoyapima.

Nianze na wanunuzi, kwa sababu sisi huwa wepesi wa kuwaona wezi kabla hatujawasikiliza. Mwaka 1938 toleo la kwanza la kitabu cha katuni cha Action Comics, lililomtambulisha shujaa Superman, liliuzwa Marekani kwa senti 10. Aprili 2024 nakala moja ya toleo hilohilo ilinunuliwa mnadani kwa dola milioni 6. Bei hiyo haikuletwa na Superman peke yake. Imeletwa na maangamizi. Zilichapwa nakala zipatazo 200,000, na zilizosalia zinakadiriwa kuwa kama 100. Wakati wa Vita Kuu ya Pili watoto wa Marekani walihimizwa kutoa karatasi kuukuu kusaidia vita. Vita vilipokwisha, wakaja wazazi na walimu walioamini kwamba vitabu vya katuni vinaharibu watoto. Mwaka 1948, katika mji wa Spencer, West Virginia, wanafunzi walivirundika uwanjani mwa shule vikatiwa moto. Vilivyosalimika vilibaki na adui wa ndani, maana karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa, na asidi iliyomo huila taratibu mpaka igeuke rangi ya chai na kukatika ukiigusa.

Walioziokoa hawakuwa maprofesa. Edgar Church, mchoraji wa matangazo wa Denver, alinunua vitabu hivi miaka nenda rudi, akavipanga marundo marundo nyumbani kwake, penye giza na ukavu. Mwaka 1977 mfanyabiashara kijana, Chuck Rozanski, aliununua mkusanyiko huo, na mpaka leo nakala zake zinasifiwa kwa weupe wa karatasi zake.

Mwingine ni Bill Blackbeard wa San Francisco, na huyu namheshimu kuliko wote. Maktaba za Marekani zilikuwa zikipiga magazeti ya zamani picha ndogo za filamu ili kupunguza nafasi, kisha zinayatupa yale ya karatasi. Filamu ile ilikuwa nyeusi na nyeupe. Zile kurasa za katuni za Jumapili, ambazo wachapaji wa mwanzoni mwa karne ya 20 walizichapa kwa rangi za kupendeza, zilibaki kivuli cha kijivu. Blackbeard akaanza kuyaomba magazeti yaliyokuwa yanakwenda kutupwa, akaijaza nyumba yake, sebule mpaka gereji, akakata na kupanga kila mfululizo kwa tarehe zake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Ohio State kilipoupata mkusanyiko wake, yalihitajika malori 6 makubwa kuusafirisha. Ulikuwa na uzito wa tani 75. Leo mtafiti akitaka kuziona katuni zile kwa rangi zake, anakwenda Columbus, Ohio.

Kwa hiyo anayesema kwamba mambo haya yaachiwe taasisi za umma peke yake, ajue kwamba taasisi za umma ndizo zilizokuwa zikitupa. Na anayesema tupige picha kwa simu kisha karatasi ziende zake, ayakumbuke magazeti yale ya rangi. Picha hunasa kile tu ambacho mpigaji amekiona kuwa muhimu siku ile. Maneno ya yule mke chini ya kikaratasi cha gundi yasingeonekana kwenye picha yoyote ya simu.

Huo ni upande mmoja, na nauamini. Lakini soko hilohilo lina sura nyingine.

Tangu mwaka 2000 kampuni ya CGC ya Marekani hupokea vitabu vya katuni, huvikagua, huvipa alama mpaka 10, kisha huvifunga ndani ya kasha gumu la plastiki. Ukilifungua kasha, alama inakufa na sehemu ya thamani inakwenda nayo. Faida yake ni kwamba mnunuzi wa mbali halaghaiwi, na vumbi na mikono ya jasho vinabaki nje. Hasara yake ni kwamba kitabu hakisomwi tena. Kinahama kutoka sefu hadi sefu, jalada tu likionekana. Kitabu ambacho hakiwezi kufunguliwa, mimi nakiona kimebaki noti ya benki yenye picha. Na watu wakishaanza kununua noti badala ya hadithi, hasara hailipwi na wachuuzi peke yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wamarekani walinunua matoleo mapya kwa mabunda wakiamini yatawasomeshea watoto. Toleo moja la X-Men la 1991 lilipita nakala milioni 8. Kitu chenye nakala milioni 8 kitapandaje bei? Soko likaporomoka, maduka mengi yakafungwa, na Desemba 1996 kampuni ya Marvel yenyewe, mchapishaji wa X-Men, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika.

Jambo linaloniuma zaidi, hata hivyo, ni la wachoraji wenyewe. Jack Kirby aliichorea Marvel katuni za mwanzo za Fantastic Four, Hulk na X-Men. Kwa desturi ya miaka ile, mchoro ulibaki kwa kampuni iliyoulipia, na nyingi zilipotea, ziligawiwa au kuibwa, zikaanza kuuzwa kwenye mikutano ya mashabiki huku aliyezichora hana hata moja. Miaka ya 1980 Marvel ilipoanza kuwarudishia wachoraji kazi zao za zamani, wengine waliwekewa karatasi fupi ya kutia saini. Kirby aliwekewa mkataba wa kurasa 4 wenye masharti ambayo wenzake hawakuwekewa. Aligoma, wachoraji wenzake wakamsimamia hadharani, na mwaka 1987 akapata kurasa zipatazo 2,000 tu, kati ya zile alizoichorea kampuni hiyo zinazokadiriwa kuzidi 10,000. Alifariki mwaka 1994.

Januari 2022 ukurasa mmoja uliochorwa na Mike Zeck mwaka 1984, ambapo Spider-Man anavaa vazi lake jeusi kwa mara ya kwanza, uliuzwa Dallas kwa dola milioni 3.36. Sheria ya Marekani haimpi mchoraji haki ya kudai senti kwenye mauzo ya namna hiyo. Katika Umoja wa Ulaya mchoraji, na warithi wake kwa miaka 70 baada ya kifo chake, wana haki ya asilimia kidogo kila kazi yake inapouzwa tena kupitia dalali au mnada. Majirani zetu wa Kenya nao waliingiza haki kama hiyo katika sheria yao ya hakimiliki mwaka 2019, asilimia 5. Kidogo, ndiyo, lakini humfanya mchoraji asiwe mtazamaji tu wa mnada wa jasho lake.

Na bado siwezi kusema wakusanyaji wote wanafungia. Mwaka 2008 mtu ambaye hakutaka jina lake litajwe aliipa Maktaba ya Bunge la Marekani kurasa 24 zilizochorwa na Steve Ditko mwaka 1962, zikiwemo za hadithi ile ya kwanza kabisa ya Spider-Man. Angeweza kuziuza akawa tajiri. Alizitoa bure.

Kuna sababu nyingine ya kuwashukuru wanaotunza, na hii inatugusa sisi wasomaji wa Kiswahili moja kwa moja. Hergé, mchoraji wa Brussels, alichapisha safari ya Tintin, kijana mwandishi wa habari wa katuni zake, nchini Kongo mwaka 1930 na 1931. Katika toleo lile la kwanza Tintin anasimama mbele ya darasa la watoto wa Kikongo na kuwaambia atawafundisha kuhusu nchi yao, Ubelgiji. Mwaka 1946 Hergé alipoichora upya kwa rangi, somo likageuzwa kuwa hesabu za kujumlisha. Anayesoma toleo la rangi peke yake anaona dharau kwa Mwafrika, na ipo tele, lakini haoni ile sentensi iliyowanyang'anya watoto nchi yao mbele ya ubao. Wengine hutaka vitabu vya aina hii viteketezwe. Naielewa hasira yao, maana nami ninayo. Ila nakala ya 1931 ni ushahidi, na ushahidi ukiuchoma unamsaidia aliyekosa.

Sasa turudi Magomeni. Sisi hatuna tani 75. Tulikuwa na katuni za Chakubanga za Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru. Tulikuwa na jarida la Sani, na wahusika wake Ndumilakuwili na Lodi Lofa waliokuwa wakigombaniwa kwenye mabasi na vibarazani. Wakenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo, na jarida la Joe lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst. Karatasi za katuni zote hizo zilikwenda wapi? Nyingi tulizila, kwa maana ya kwamba zilifungiwa karanga na maandazi. Mimi mwenyewe niliwahi kukunjua kifungio cha karanga pale Kariakoo nikakuta nusu ya ukurasa wa Sani. Nakala nilizonazo nimezipata kwa wauza vitabu vya mitumba, nyingine hazina jalada, pini zimeota kutu na kuikata karatasi katikati.

Ndiyo maana siwezi kumwambia mtu asiuze kwa hoja ya kwamba ni urithi wa taifa. Urithi gani unaoachiwa mchwa? Anayezungumza urithi aje na kabati, kiyoyozi na mtu wa kulipwa mshahara. Mnunuzi wa Ulaya angalau ana kabati. Lakini akichukua boksi zima, hakuna mtoto wa Mtanzania atakayeziona, na zikipanda bei baadaye familia itasikia redioni.

Nilipomrudia yule dada nilimwambia asiuze boksi zima, na asikatae kabisa. Kwanza zipigwe picha kwa skana yenye uwezo mkubwa, mbele na nyuma, moja moja, kwa mpangilio wa tarehe. Hadithi zilizokamilika zisivunjwe; mfululizo ukitawanywa hauunganiki tena. Mchoro mmojammoja usio sehemu ya hadithi, wenye ndugu zake wengi bokisini, unaweza kuuzwa, na pesa hiyo inunue mafaili yasiyo na asidi na kabati la chuma. Atafute mkataba wa baba yake na gazeti, kwa sababu kumiliki karatasi na kumiliki haki ya kuichapa ni vitu viwili, na asije akauza kimoja akasaini kumbe ametoa vyote. Na kila kinachouzwa kiwe na maandishi yenye saini yanayosema kimetoka kwa nani. Jalada la Tintin alilolichora Hergé kwa mkono mwaka 1936, lililouzwa Paris Januari 2021 kwa zaidi ya euro milioni 3 lilikuwa na alama za kukunjwa. Wauzaji walieleza kwamba Hergé alimpa mtoto wa mchapishaji wake, naye akalikunja na kuliweka kwenye droo. Wengine waliitilia shaka zawadi hiyo, na karatasi ya kumaliza ubishi haikuwapo.

Mama yake, aliyekuwa amekaa kitandani kimya muda wote, akanyoosha mkono akaomba ule mchoro wa mlevi. "Huu msiuuze," akasema. "Usiku ule umeme ulikatika, mimi ndiye niliyemshikia mshumaa. Maneno haya ya juu aliyabandika asubuhi, amekasirika, hakunywa hata chai."

Binti akaniangalia. Nikampa penseli, nikamwomba ayaandike hayo nyuma ya karatasi kama mama alivyoyasema, na tarehe.