Baba anayelea nyumbani Moshi naye apewe nafasi kwenye benchi

Masika yakikolea, mlima unapungukiwa wageni. Aprili na Mei waongozaji, wapishi na wapagazi wengi wa Kilimanjaro wako majumbani Pasua, Majengo, Rau na Kiboriloni wakisubiri msimu ufunguke, huku wake zao wakiendelea na kazi kama kawaida: sokoni Mbuyuni, mashuleni, hospitalini. Watoto wanabaki na nani? Na baba. Anawaogesha, anawapikia, anamsubiri wa chekechea getini. Lakini ukiuliza mtaani habari zake utaambiwa, "Huyo yupo tu nyumbani."

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Mume wangu alikuwa mpishi wa mlimani, na tangu goti lake lilipokataa kupanda, yeye ndiye anayeshinda na watoto wetu. Naingia darasani na roho imetulia kwa sababu yake. Ninachotaka kusema ni hiki: msaada wa malezi Moshi upo, tena si haba, ila umepangwa kana kwamba mtoto analelewa na mama peke yake. Baba akija kuutumia anapokelewa kama mtu aliyepotea njia.

Chukua kliniki. Mume wangu alimpeleka mdogo wetu chanjo ya surua na rubela ya miezi tisa, akakaa kwenye foleni na akina mama, mkoba wa nepi begani. Zamu yake ilipofika nesi akamuuliza, "Baba, mama yake anaumwa?" Akajibu, "Hapana sista, yuko kazini." "Basi mwezi ujao aje mwenyewe, nina mambo ya kumuuliza." Mambo yenyewe yalikuwa mtoto anakula nini, mara ngapi kwa siku, anaharisha au haharishi. Yote hayo anayajua baba. Ningeulizwa mimi, ningempigia yeye simu. Mtoto akapimwa uzito, nukta ikawekwa kwenye kadi, wakaambiwa waende. Mama mmoja aliyekuwa kwenye benchi ndiye aliyemwonyesha: "Kaka, ona hapa. Mstari ukipanda ndani ya kijani mtoto anakua vizuri. Ukilala au ukishuka, usisubiri, muulize nesi. Kijivu na nyekundu ni hatari." Mume wangu hajaisahau elimu hiyo, na mimi namshukuru dada yule mpaka leo.

Simlaumu nesi. Benchi limejaa na yeye yuko peke yake. Ila najiuliza kwa nini wakati wa mimba baba anayemsindikiza mkewe anakaribishwa, na vituo vingi huwapitisha mbele, halafu mtoto akishazaliwa tunamwona hahusiki. Kama tulimhitaji kwenye kipimo cha damu, tunamhitaji zaidi kwenye uji, usingizi na homa za usiku.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za uzazi, au 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Baba anapewa angalau siku tatu, nazo azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Siku tatu! Hapo hata kitovu cha mtoto hakijadondoka. Baba mpagazi au dereva wa bodaboda asiye na mkataba hana hata hizo.

Mwezi Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa watoto hadi miaka minane. Imesimama juu ya mambo matano: afya bora, lishe, ujifunzaji wa awali, malezi yenye mwitikio, yaani kumsikiliza mtoto na kumjibu, na ulinzi na usalama. Nimeyapitia yote, na ukitoa kunyonyesha, sioni lolote ambalo baba hawezi kulifanya.

Najua wapo wazee watakaosema mwanaume wa Kichaga kukaa na watoto si mila. Lakini ni nani anayemchinjia mbuzi mama aliyejifungua? Na huyu mume wangu alikuwa akipika supu kambi ya Barafu, zaidi ya meta 4,600 juu ya usawa wa bahari, kwenye baridi kali, na wageni walimpigia makofi. Hakuna aliyesema amevaa gauni. Leo anaponda mtori wa watoto wake mwenyewe jikoni kwake, uanaume umepungua wapi?

Kwenye fedha pia kuna pengo. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Baba kijana anayelea anaweza kuungana na wenzake wakafuga kuku nyumbani, na wa kumwona kwanza ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Aliyepita umri wa ujana na hana ulemavu hana fungu, hata kama analea watoto wanne. Vikoba vya mtaani navyo vingi ni vya akina mama. Mume wangu aliomba kujiunga na kimoja, akajibiwa, "Shemeji, mlete mama watoto."

Kuna milango ambayo haimuulizi mtu jinsia, nayo akina baba waijue. Namba 199 ya Wizara ya Afya ni bure, unauliza jambo la afya bila kupanga foleni. Namba 116 ni ya huduma kwa mtoto, nayo haina malipo, kwa mzazi aliyelemewa au anayeona mtoto wa jirani anateswa. Afisa ustawi wa jamii yupo kwa ajili ya baba pia.

Ila simu haitoshi. Baba anahitaji baba mwenzake wa kumwambia, "Wangu naye alikataa kula alipoota meno." Ndiyo maana nimeuomba umoja wa wanaume wa usharika wetu watenge Jumamosi moja kabla ya msimu wa mlima kufunguka, nesi aje awafundishe kuisoma kadi ya kliniki. Mwenyekiti amekubali. Wakatoliki na Waislamu wa mtaani wanakaribishwa, waje na watoto na kadi zao. Mtori ataupika mume wangu.