Keki ya Mashetani

Jamani, nauliza tu. Ni nani aliyekaa kikao akaamua kwamba keki, ambayo ni sukari, ipakwe krimu, ambayo ni sukari, halafu juu yake zipangwe pipi? Na huyo mtu ana meno?

Mwalimu wa Neema ametuma ujumbe. Sherehe ya Halloween, ile siku Wamarekani wanajivika mavazi ya mizimu na vituko, kwa darasa la pili ni Ijumaa, na keki iwe na "mandhari ya pipi". Mandhari! Kwetu Muheza keki ilikuwa na mandhari moja, ya duara, na ulikutana nayo harusini kwa kuviziana. Na bibi yangu angeona fuvu limening'inizwa mlangoni kwa mtu, siku hiyohiyo angemtafuta mganga. Hapa Columbus, Marekani, fuvu linauzwa na betri zake, ukilipitia karibu linacheka.

Mama Neema akausoma ule ujumbe, akaguna. "Baba Neema, hii ni yako. Mimi nina zamu mbili mfululizo." Haya. Mimi ninayeshinda usiku kucha ghalani nikibeba maboksi ya watu, ndiye mwenye mikono laini ya kuchora utando wa buibui.

Basi msidhani ni kazi ya kununua pipi na kumwaga. Masharti yake, hata mganga hatoi hayo! Shule nyingi za Marekani hazitaki chakula kilichopikwa jikoni kwa mtu. Yetu imelegeza kamba kidogo: keki inunuliwe dukani ikiwa tupu, mzazi aipambe kwa pipi zenye lebo, na lebo ziletwe. Karanga marufuku, maana yupo mtoto ambaye karanga moja inamlaza hospitali. Hapo sina ubishi, mzio si mchezo. Ugomvi wangu ni na rafu ya pipi. Snickers, karanga. Reese's, ndiyo karanga kabisa. Nikaona M&M's za kawaida, nikasema afadhali. Kugeuza pakiti: huenda zina karanga.

Huenda! Wewe ndiye uliyezitengeneza, unaniambia huenda? Sheria yao ya 2004 inamlazimisha mwenye kiwanda kutaja karanga akiziweka, na tangu 2023 hata ufuta sharti autaje, lakini hiyo "huenda" anaiandika kwa hiari yake. Kwa hiyo nimesimama katikati ya duka, miwani puani, nasoma maandishi ya ukubwa wa sisimizi, huku nyuma yangu mama mmoja na toroli lake anasubiri nimpishe. Nadhani alifikiri nasali.

La karanga halijaisha, likaja la jelatini, ile ya kugandisha pipi, inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Mji huu una Wasomali wengi, ukiacha Minneapolis ndio unaofuata Marekani nzima, na shoga mkubwa wa Neema ni binti wa Kisomali. Mama yake alikulia Eastleigh, Nairobi, Kiswahili kinamtoka vizuri. Akanipigia. "Kaka, ile minyoo ya jeli usiweke tafadhali, yaweza kuwa na nguruwe." Nikamwambia dada ondoa shaka, nikarudisha minyoo rafuni. Na zile pipi za pembetatu zenye njano, chungwa na nyeupe, candy corn, ambazo bila hizo Halloween haijawa Halloween? Nazo zina jelatini, na ule mng'aro wake ni gundi inayotokana na wadudu. Zamani ziliuzwa kwa jina la Chakula cha Kuku. Mimi nimezionja. Kuku walisingiziwa.

Zikabaki Skittles, vile vipipi vya rangi rangi, na Dum Dums za kijiti, ambazo zinatengenezwa hapahapa Ohio, mji wa Bryan. Nikazinunua kizalendo.

Alhamisi jioni tukaanza, mimi na Neema. Krimu nyeupe ya kopo, tia rangi nyeusi ipate giza la usiku. Ikawa kijivu. Ongeza. Ikawa zambarau. Ongeza. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi tii, krimu bado inajifikiria. Neema akasema, "Baba, sema tu ni ukungu." Mtoto ana akili za mama yake. Utando ndio ulinitoka vizuri, lazima niseme: unazungusha chokoleti ya maji duara ndani ya duara, halafu kwa kijiti cha meno unavuta kutoka katikati kwenda nje, mistari inakunjika yenyewe. Nikaita jirani aje aone. Dum Dums tukazivika leso za karatasi, tukazifunga shingo, zikawa mizimu. Skittles nikasema tuziweke asubuhi. Mama Neema kwenye simu: "Weka sasa hivi, asubuhi utachelewa." Nikaweka, nikafunga friji, nikaenda kazini.

Asubuhi nafungua, Skittles zote zimechuja rangi. Mizimu imelowa sketi, mmoja chini mwekundu mwekundu, utadhani amechinjiwa pale. Nikanyanyua simu kumlalamikia mwenye ushauri. Haikupokelewa.

Nikaipeleka hivyohivyo, nimetoka kazini hata sijabadili nguo, reflekta mwilini, buti miguuni. Watoto wakashangilia damu! Kisha wakachomoa mizimu, wakadonoa Skittles moja moja, keki yenyewe hakuna aliyeigusa. Utando wangu ukakatwa katikati na mwalimu aliyekuwa anazungumza na mtu mwingine.

Akanigeukia, kanitazama juu hadi chini, akafurahi sana. "Vazi zuri! Na wewe leo ni nani?"

Nikamwambia mimi ni mbeba maboksi. Darasa zima likapiga makofi.

Kwenye shindano la mavazi nimekuwa wa pili. Wa kwanza ni baba mmoja aliyekuja amevaa ndizi.